Madoa Kando ya Kisima

Kazini walimwita Mama Usafi, na jina hilo hakulipata kwa kufagia. Katika kitengo cha ramani cha maktaba kuu, yeye ndiye aliyekuwa akizisafisha ramani za zamani zikishapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Karatasi iliyokaa kabatini tangu enzi za babu zetu huokota kila kitu: kutu ya pini, kinyesi cha nzi, alama ya kikombe cha bwana fulani aliyestaafu bila kuulizwa. Vyote hivyo vikifika mbele ya Mama Usafi, ndiyo vimefika mwisho wa safari. Kifutio chake cha kwenye kompyuta alikipanga mwenyewe, tena kwa roho ngumu: kila kilicho kidogo kuliko kipimo fulani, nje, na hakuna kubembelezana. Ramani zilitoka zinang'aa kama shuka la hoteli. Mkuu wa kitengo akiwatembeza wageni alisimama nyuma ya kiti chake na kusema, "Hii ndiyo mikono ya Mama Usafi," naye alijifanya hasikii huku ameshanyoosha mgongo.

Kwa hiyo ile karatasi moja ilimuudhi kwanza. Kumtisha kulikuja baadaye.

Ilikuwa ramani ya mtaa wa zamani wa ng'ambo ya reli, iliyopimwa muda mfupi kabla mtaa wote haujabomolewa na watu kupakiwa kwenye malori na vyombo vyao. Ramani ya kina, inayoonyesha kila nyumba, kila choo, kila uchochoro. Aliisafisha, akaihifadhi, akafunga mashine na kwenda zake. Kesho yake alipoifungua ili aiunganishe na karatasi jirani, akakuta madoa. Yalikuwa nukta nyeusi, zimejipanga upande mmoja wa kiduara kilichoandikwa "kisima".

"Bwana Vumbi!" aliita. "Hebu njoo uone kazi yako."

Bwana Vumbi alikuwa mpiga picha wa ramani, mwenye skana pana kama kitanda cha wawili. Naye jina lilimstahili, maana kosa lolote likitokea, kwake ni vumbi. Umeme ukikatika, vumbi. Mshahara ukichelewa, pengine nao pia. Alikuja na kitambaa chake begani.

"Vumbi hilo," alisema kabla hajatazama.

"Vumbi gani linaingia kwenye faili ambalo jana nimelifunga safi?"

"Dada yangu, vumbi la siku hizi lina akili."

Walicheka wote wawili. Bwana Vumbi akaenda kufuta kioo cha skana, kwa kuwa ndiyo ibada yake, na Mama Usafi akapitisha kifutio. Aliyaona madoa yakiondoka kwa macho yake mawili. Akahifadhi.

Asubuhi iliyofuata yalikuwa yamerudi.

Safari hii aliyakagua vizuri. Yalikuwa palepale, kwa safu zilezile, kama watu waliosimamishwa foleni na kusahauliwa. Na kidoa kimoja, kidogo kuliko yote, kilikuwa peke yake upande wa pili, kimeugusa kabisa ukuta wa kisima. Mama Usafi alisonya. Akafuta tena, na kile kidogo akakifuta mwishoni, kwa kukibonyeza mara mbili, maana kilionekana kama kinamfanyia kiburi.

Hapo ndipo aliposogeza kiwiko. Alikisogeza bila kufikiri, namna mama anavyompisha mtoto anayetaka kuchungulia kilicho mezani. Mama Usafi amelea watoto wake na wa wenzake, na anaujua uzito wa mtoto anayeegemea mkono wa mtu. Aliupata uzito huo wazi kabisa, upande wa kulia, chini kidogo ya bega, na joto lake. Aligeuka. Palikuwa na mguu wa meza na zulia lililochakaa. Bwana Vumbi alikuwa mbali, anapiga mluzi. Nywele zikamsimama, na kwa muda mrefu hakuthubutu kuurudisha mkono mahali pake.

Sasa, ramani ile haikuwa ramani tu kwake. Mtaa ule ulikuwa mtaa wao. Yeye mwenyewe aliletwa humo akiwa kichanga, siku za mwisho mwisho, na tangu aajiriwe alikuwa anaingoja karatasi hiyo itoke kabatini, kwa sababu ya mama yake.

Mama yake alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alishasema wazi kwamba upasuaji usicheleweshwe. Kitanda kilikuwa tayari. Mdogo wao wa mwisho, dereva wa malori, alikuwa ameomba ruhusa kazini ili awapeleke hospitali. Mgonjwa ndiye aliyegoma. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kanga imefungwa kifuani, na jibu lake lilikuwa lilelile: haendi kupasuliwa mpaka aonyeshwe alipolala mwanawe wa kwanza.

Huyo wa kwanza alikuwa msichana. Alichukuliwa na homa akiwa katika umri wa kuuliza maswali kutwa nzima, wakati mama yao yuko wodi ya wazazi anamzaa Mama Usafi. Mmoja alikuwa anaingia, mwenzake anatoka. Wanaume walizika. Mama alirudi nyumbani na kichanga mkononi, akakuta kitanda kidogo kimekunjwa. Kabla hata hajapata nguvu, malori yakaja, mtaa ukawa kifusi, na hakuna aliyemwonyesha kitu. Baba yao alipajua mahali, lakini alikuwa mtu wa kutoa maneno kwa kijiko. Alisema mara moja tu, "Ukutani kwa kisima, peke yake, upande wa pili ulishajaa," kisha akanyamaza hadi alipokufa. Mama naye aliufunga mlango huo. Sura ya mtoto, tabia zake, alivyoongea, hakusimulia hata kimoja, na watoto waliofuata walijifunza mapema kutouliza.

Miongoni mwao, Mama Usafi ndiye aliyeitwa Dada Mkubwa. Wadogo zake walimwamkia kwa heshima zote, naye akaitikia, akatoa amri, akasuluhisha ugomvi wao. Mama peke yake hakuwahi kumwita hivyo.

Ramani ilipofika hatimaye, Mama Usafi alikimbilia kwenye kisima kabla ya kitu kingine. Kompyuta ilikuwa imeshapitisha kifutio, kwa sababu ndivyo alivyoipanga ifanye kila inapofungua karatasi mpya. Kando ya kisima pakawa peupe, uwanja mtupu, bila neno wala msalaba aliotarajia kuuona. Alirudi nyumbani akasema, "Mama, wapimaji hawakuyaandika makaburi. Ramani haina kitu." Mama hakulia. Aligeukia dirisha, na tangu hapo akawa anakula kwa kulazimishwa.

Sasa jioni ile, baada ya kisa cha kiwiko, mdogo wao alikuwa amekuja tena kubembeleza.

"Dada Mkubwa, zungumza naye. Wewe unasikilizwa."

"Huyo si mkubwa," alisema mama yao kutoka dirishani. "Dada yenu mkubwa yuko kwingine."

"Mama, tafadhali. Daktari anasema—"

"Daktari amesema, nimesikia. Sasa nisikilizeni na mimi. Nikiamka salama, sawa. Nisipoamka je? Nikifika huko na kuulizwa mtoto wangu nilimwacha wapi, nijibu nini? Nijibu niliambiwa ukutani kwa kisima, peke yake? Kuzaa nizae mimi, kaburi nisimuliwe?"

Mama Usafi alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini polepole. *Peke yake. Upande wa pili ulishajaa.* Alikiona kile kidoa kidogo kama kiko hapo mbele yake juu ya meza, na kidole chake mwenyewe kikikibonyeza mara mbili.

Hakuaga. Alikwenda uani akasimama karibu na beseni la nguo, akaegemea ukuta. Mdogo wake akamfuata na kumuuliza kulikoni. Angeanzaje? Alikuwa amemfuta dada yake, akampelekea mama yake habari kwamba hakuna kitu, na kesho yake akamfuta tena.

Asubuhi alimkuta Bwana Vumbi anafungua milango.

"Nitolee karatasi yenyewe. Ile ya mkononi."

"Ya mtaa wa reli? Si ninayo pichani?"

"Nimesema ya mkononi, kaka yangu. Leo sina utani."

Bwana Vumbi akaitoa kwenye droo ya chini, wakaitandaza mezani na kuishika pembe kwa vile vifuko vya mchanga vinavyozuia karatasi isijikunje. Mama Usafi akainama na kioo cha kukuzia. Halikuwa vumbi. Ulikuwa wino, umewekwa kwa kalamu, na kila nukta mtu aliidonoa kwa makini na kuinua mkono kabla ya kuidonoa nyingine. Kisha akatazama pembezoni mwa karatasi, pale kwenye maelezo ya alama, ambapo yeye hajawahi kupaona hata siku moja. Bwana Vumbi alikuwa anaikata sehemu hiyo pichani. Ndiyo ilikuwa kanuni ya kitengo: kingo zote hukatwa ili karatasi ziungane bila kuacha mstari. Paliandikwa kwa mkono mzuri wa mpimaji: nukta kubwa, kaburi la mtu mzima; nukta ndogo, kaburi la mtoto.

Bwana Vumbi alisoma, akasoma tena. Kitambaa kilikuwa begani lakini hakukigusa.

"Mimi nakata maelezo," alisema mwishowe, "na wewe unafuta watu."

"Ndiyo."

"Ramani zote?"

Mama Usafi alizifikiria zote, rafu kwa rafu: miji, vijiji, mashamba, pwani na milima, zilizopita mikononi mwake zikatoka zinang'aa. Chumba kile kilichokuwa chake miaka yote sasa kilionekana kimejaa, kama ukumbi ambao watu wameingia kimyakimya na wamesimama wakingoja mwenyeji ageuke.

Mkuu wa kitengo aliingia akiwa na haraka zake. Karatasi za mtaa ule zilikuwa ziwekwe kwenye tovuti ya maktaba wiki hiyohiyo, na wageni wakubwa walishaalikwa.

"Mama Usafi, bado tu? Nimeona kwenye faili kuna madoa."

"Yapo, na yatabaki."

"Hatuwezi kutoa ramani chafu kwa umma."

"Basi hii itatoka chafu, bosi. Njoo utazame." Alimpisha kwenye kioo cha kukuzia. Mkuu alitazama nukta, akatazama maelezo, haraka zikamwisha. Akavuta kiti na kukaa bila kukifuta, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kifutio hicho tumekitumia tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwanzo."

Mkuu alijipangusa uso kwa kiganja. "Kizime," alisema. "Yote yarudiwe. Wageni nitajua cha kuwaambia."

Lakini kurudia yote ilikuwa kazi ya miaka, na mama wa Mama Usafi hakuwa na miaka. Siku hiyohiyo aliomba apewe karatasi ile moja aipigilie pini. Kupigilia pini ni hivi: unaifungua ramani ya zamani upande mmoja wa kioo cha kompyuta na picha ya leo ya setilaiti upande mwingine, halafu unatafuta vitu ambavyo havijahama. Unabonyeza hapa, unabonyeza na kule, unaiambia kompyuta kwamba hiki ni kilekile. Pini zikitosha, kompyuta inaivuta ramani na kuitandika juu ya dunia ya leo. Alipigilia makutano ya reli. Akapigilia daraja. Akapigilia kona ya shule, ambayo ilinusurika bomoabomoa kwa sababu wakubwa nao walikuwa na watoto.

Ramani ikajikunja vibaya. Kisima kikaangukia katikati ya barabara kuu, kwenye lami, chini ya magari. Alirudia, kikaangukia palepale. Atamwambia nini mama, asimame katikati ya barabara?

Ule uzito ukarudi kwenye mkono wake wa kulia.

Safari hii hakugeuka wala hakuukwepa. Aliogopa, hilo hakulificha hata baadaye alipokuja kusimulia. Ila aliusogeza mkono kidogo ili kupatikane nafasi, na akanong'ona, "Haya, tazama."

Kiwiko kikasukumwa. Kilisukumwa kidogo tu, kwa utundu, kama mtoto anayekuharibia mwandiko. Kishale kikateleza kutoka kwenye kona ya shule na kusimama kwenye paa jingine lililo nyuma yake, paa dogo, la vigae vya zamani. Mama Usafi alikodoa macho. Shule ilikuwa imeongezwa jengo mbele. Kona aliyokuwa akiibonyeza ilijengwa juzijuzi. Shule ya kwenye ramani ni ile ya nyuma. Akaipigilia pini pale kilipoishia kishale. Ramani ikanyooka yote kwa pamoja, reli juu ya reli, uchochoro juu ya uchochoro. Kisima kikahama kutoka barabarani na kutua kwenye uwanja mdogo nyuma ya duka la samani. Uwanja ulionekana umelowa.

Palikuwa ni mahali pa kuoshea magari.

Mdogo wao aliwapeleka mchana wa kesho yake. Mama alivaa kanga mpya na viatu vyake vya kwendea shughuli, akakataa kushikwa mkono mpaka alipoiona sakafu ilivyo na povu. Vijana wa pale, wamevua mashati, mipira ya maji mikononi, walitazama nyuma yao.

"Karibuni, wazazi. Gari liko wapi?"

"Hatuna gari la kuosha," alisema Mama Usafi. "Kulikuwa na kisima hapa zamani?"

Vijana walitazamana. Mmoja akaonyesha mfuniko wa zege uliochomekwa bomba la pampu. "Si hiki hapa. Ndiyo maana tuko sehemu hii, mama. Maji ya humu hayaishi hata kiangazi. Kulikuwa na ukuta pia, tumeuacha kipande kile cha kuanikia vitambaa."

Mama alimtazama binti yake, macho yamejaa maswali. Mama Usafi akatoa simu. Kile kiduara cha buluu kinachoonyesha ulipo kilikuwa kinatembea juu ya ramani ya zamani, na yeye akakifuata pole pole, akaupita mfuniko, akaupita mtaro wa maji machafu, mpaka kikaifunika ile nukta ndogo. Mbele yake palikuwa na kipande cha ukuta na matambara yaliyoanikwa. Chini palikuwa na saruji iliyopasuka, na majani yametoka kwenye ufa.

"Ni hapa, Mama. Sitaki kukudanganya, naweza kuwa nimekosea hatua mbili huku au kule."

"Hatua mbili," alisema mama yake. "Miaka yote hii nimekosa mji mzima."

Kijana mmoja, bila kuambiwa, alileta kiti cha plastiki, akakifuta kwa kiganja. Wenzake wakafunga pampu. Hawakuelewa kitu, lakini walikuwa wamelelewa. Mdogo wao alibaki kule mbele, amewapa mgongo, anajifanya anaongea na simu.

Mama hakukaa. Aliinama kwa shida, mkono mmoja umeshika tumbo lililokuwa likimuuma, akaweka kiganja kwenye saruji. Aliongea kwa sauti ya chini sana, na Mama Usafi alirudi nyuma kidogo ili asisikie yasiyomhusu. Alisikia tu neno "nilikuwa wodini", likirudiwa. Alisimama pale na mikono mitupu, akijiona mtu wa ziada, aliyeshika cheo cha mwenzake maisha yake yote.

Kisha mama akaugeuza uso. Ulikuwa umelowa, lakini ulikuwa uso wa mama anayekukuta umekosa adabu mbele ya wageni.

"Sasa umesimama tu hapo? Msalimie dada yako."

Nywele za Mama Usafi zilishaanza mvi. Alikuwa na watoto waliomaliza shule. Tangu azaliwe, wadogo zake ndio waliomwamkia, naye ndiye aliyeitikia. Salamu hii kwa dada hakuwahi kumpa mtu yeyote. Aliona haya kwa ajili ya wale vijana, halafu haya ikampotea. Akapiga goti moja juu ya saruji yenye maji, kichwa kikashuka chenyewe.

"Shikamoo, dada."

Pampu ilikuwa imezimwa. Magari ya barabarani yalikuwa mbali, nyuma ya duka. Sauti ilitoka upande wa ukutani, karibu kabisa na sikio lake, sauti nyembamba ya mtoto mdogo anayefanya jambo la wakubwa kwa mara ya kwanza na anajisikia fahari.

"Malahaba."

Mama Usafi alibaki na goti chini. Hakuthubutu kutazama ukuta, kwa hiyo alimtazama mama yake, na mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yanamtikisika, na ilimchukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Ra ilikuwa inamshinda," alisema mama. "Tulikuwa tunamfanya arudie maneno makusudi, mimi na baba yenu, ili tumsikie."